Seva isiyo na kazi yaweza kumfaa mgonjwa, lakini stima ina bei yake

Ofisi nyingi za mjini zina kompyuta moja isiyozimwa kamwe. Huwekwa pembeni, katika chumba kidogo chenye feni, na kazi yake ni kuhifadhi faili za wafanyakazi wote na kumpa kila mmoja anachohitaji. Hiyo ndiyo seva. Mchana hufanya kazi kidogo, usiku hukesha bure ikila stima. Msomaji mmoja anayesimamia mitambo ya namna hiyo katika kampuni ya hapa Nairobi ameniuliza swali lisilo la kawaida katika ukurasa huu: je, ni kweli kwamba seva kama hiyo yaweza kusaidia kutafuta dawa za maradhi, au ni ulaghai mwingine wa mtandao?

Ni kweli, mpenzi msomaji. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, watu wa kawaida katika pembe zote za dunia wamekuwa wakiwakopesha watafiti nguvu za kompyuta zao, na baadhi ya kazi iliyofanywa kwa njia hiyo inahusu maradhi yanayowaleta Wakenya hospitalini kila siku. Hata hivyo, jambo hili ni kama dawa yoyote ile. Lina kipimo chake na lina madhara yake, na ni heri uyajue kabla ya kulianza.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuelewa. Mtafiti ana hesabu kubwa ambayo kompyuta ya chuo chake ingeifanya kwa miaka mingi. Anaigawa katika vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu. Wewe unaweka programu maalum katika mashine yako. Programu hiyo huomba kipande kimoja kupitia intaneti, hukifanyia hesabu wakati ambapo mashine haina shughuli, kisha hurudisha jibu na kuomba kipande kingine. Ukianza kuitumia mashine kwa kazi yako, programu hukaa kando na kungoja, mithili ya mgeni mwenye adabu anayeondoka kitini mwenye nyumba akiingia.

Huenda ukauliza, mtafiti atajuaje kwamba kompyuta yako haikukosea, au kwamba wewe hukumtumia jibu la uongo kwa mzaha? Sisi madaktari tukitilia shaka matokeo ya maabara, hupeleka sampuli katika maabara ya pili. Nao hufanya vivyo hivyo. Katika miradi mingi kipande kimoja hutumwa kwa mashine mbili za watu wasiojuana, na jibu hukubaliwa tu yakilingana. Yasipolingana, mashine ya tatu huamua.

Mradi uliolifanya jambo hili lijulikane na wengi haukuwa wa afya hata kidogo. Uliitwa SETI@home, ukaanzishwa mwaka wa 1999 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Ulikuwa ukichuja mawimbi ya redio kutoka angani ili kuona kama kuna viumbe wenye akili huko. Mradi huo uliacha kugawa kazi Machi 2020 bila kumpata yeyote. Lakini chuo hicho kilikuwa kimekwisha kuunda programu iitwayo BOINC, ambayo mtafiti yeyote anaweza kuitumia kugawa kazi yake kwa watu wa kujitolea. Madaktari na wanakemia hawakuchelewa kuiona faida yake.

Umbo la protini

Ili ufahamu kwa nini sayansi ya tiba ina njaa ya hesabu kiasi hiki, ni lazima nikueleze kidogo kuhusu protini. Usidhani nazungumzia maharagwe na mayai tu. Kila kazi mwilini mwako, kuanzia kubeba hewa katika damu hadi kuua viini vya maradhi, hufanywa na protini za aina mbalimbali. Kila protini ni mnyororo wa viungo viitwavyo asidi za amino, na mnyororo huo hujikunja wenyewe hadi ukapata umbo fulani. Umbo ndilo linaloipa kazi yake, kama vile meno ya ufunguo ndiyo yanayofungua kufuli.

Chukua mfano wa ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, na ambao huwatesa watoto wengi katika maeneo ya Nyanza, Magharibi na Pwani. Protini ya damu iitwayo hemoglobini ina minyororo minne. Katika aina moja ya minyororo hiyo kuna asidi za amino 146. Mtoto mwenye selimundu amebadilishiwa moja tu kati ya hizo, ile ya sita. Moja tu! Lakini hiyo moja huzifanya protini zishikamane hewa inapopungua, chembe nyekundu za damu zikapinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo, na mtoto akalia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Ukishamwona mtoto huyo hutauliza tena kwa nini mtu ashughulike na umbo la kitu kisichoonekana kwa macho.

Dawa nyingi nazo hufanya kazi kwa kujipenyeza katika kishimo fulani cha protini na kuizuia. Kwa hivyo mtafiti wa dawa hutafuta vishimo. Taabu ni kwamba protini haitulii. Hutikisika, hufunguka na kujifunga bila kukoma, na kishimo chaweza kuonekana kwa muda mfupi mno kisha kikatoweka. Kuufuata mtikisiko huo katika kompyuta, chembe kwa chembe, kwahitaji hesabu ya kutisha. Sekunde moja ya maisha ya protini ina hatua mamia ya trilioni, na katika kila hatua ni lazima kompyuta ikokotoe jinsi maelfu ya chembe zinavyovutana na kusukumana.

Hapo ndipo ulipoingia mradi wa Folding@home, ulioanzishwa mwaka wa 2000 na Profesa Vijay Pande wa Chuo Kikuu cha Stanford, na ambao baadaye uongozi wake ulichukuliwa na Profesa Greg Bowman. Kwa miaka mingi ulienda kimya kimya. Mapema mwaka wa 2020 ulikuwa na mashine zipatazo 30,000 hivi. Kisha ikaja corona. Watu waliofungiwa majumbani, na kampuni ambazo ofisi zake zilikuwa tupu, walijiunga kwa wingi hata katika muda wa miezi mitatu idadi ikapita milioni moja. Kwa pamoja, mashine hizo zilivuka kiwango ambacho hakuna kompyuta yoyote kubwa ya serikali iliyojulikana wakati huo iliyokuwa imekifikia: hesabu bilioni moja za bilioni kwa kila sekunde.

Na je, walipata nini? Waliweza kuona jinsi ile miiba ya virusi vya corona inavyofunguka ili kushika chembe ya mwanadamu, na wakapata vishimo vingi ambavyo picha za kawaida za maabara hazikuvionyesha. Ukijumlisha mtikisiko wote wa protini uliofuatwa na mashine hizo zaidi ya milioni moja, unapata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mimi nilipoisoma takwimu hiyo niliisoma mara mbili. Jasho la mashine milioni moja lilikuwa chini ya kupepesa jicho. Hata hivyo, matokeo yalitolewa kwa kila mtafiti bila malipo, na hesabu za Folding@home zikatumika pia katika mradi ulioitwa COVID Moonshot, ambao wanasayansi wa nchi mbalimbali waliungana kubuni vidonge dhidi ya corona bila kudai haki ya kumiliki uvumbuzi.

Karibu zaidi na kwetu kuna Ebola, ambayo majirani zetu wa Congo na Uganda wanaijua vyema kuliko walivyotaka. Virusi vya Ebola vina protini iitwayo VP35, ambayo kazi yake mojawapo ni kuvificha visionwe na kinga ya mwili. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba haina mahali pa kushikwa na dawa. Kundi la Profesa Bowman lilitumia kompyuta kuufuata mtikisiko wake, likagundua kishimo kilichojificha, kisha likahakikisha kwa majaribio ya maabara kwamba kweli kipo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2022. Kishimo si dawa, tafadhali tuelewane. Tangu kishimo kionekane hadi kidonge kifike kwa mwenye duka la dawa hupita miaka kumi au zaidi, na vidonge vingi hufa njiani.

Wako wanaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati kwa sababu ya akili bandia. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 2020 programu ya AlphaFold imekuwa ikikisia umbo la protini kwa muda mfupi na kwa usahihi wa ajabu, na mwaka wa 2024 waliohusika nayo walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Profesa David Baker, ambaye maabara yake mjini Seattle ndiyo iliyoanzisha mradi mwingine wa kujitolea, Rosetta@home, mwaka wa 2005. Lakini umbo lililotulia ni kama picha ya pasipoti. Itakuambia sura ya mtu, haitakuambia jinsi anavyotembea.

Kijiji ndani ya kompyuta

Mradi ninaoupenda kuliko yote haukuhusu protini, ulihusu malaria. Uliitwa malariacontrol.net. Ulianzishwa na Taasisi ya Uswisi ya Tiba ya Nchi za Joto, iliyokuwa Basel wakati huo, ukaanza majaribio mwaka wa 2005 na kuendelea hadi mwaka wa 2016.

Ndani ya kompyuta ya mtu wa kujitolea kiliundwa kijiji cha kubuni. Watu wake walizaliwa, waliumwa na mbu, waliugua, wengine walipata dawa na wengine hawakupata, wengine walipona na wengine walikufa. Kisha mtafiti aliuliza: itakuwaje wakipewa neti? Itakuwaje wakipewa neti pamoja na chanjo? Itakuwaje chanjo ikiwafikia nusu ya watoto tu? Itakuwaje kijiji kikiwa na mbu wengi kama kando ya ziwa, au wachache kama nyanda za juu? Kwa kuwa bahati ina sehemu yake katika maradhi, kila swali lilibidi kuulizwa tena na tena katika vijiji vingi kabla ya jibu kuaminika. Na vijiji hivyo havikuwa ndoto tupu, kwani vilirekebishwa kulingana na takwimu za kweli zilizokusanywa Afrika, zikiwemo za jirani zetu Tanzania.

Fikiria, msomaji, majaribio hayo yangefanywa kwa watoto halisi. Yangechukua miongo, na watoto wa kijiji kilichonyimwa neti wangezikwa kweli.

Mwaka wa 2012 watafiti wa taasisi hiyo walichapisha hesabu za jinsi chanjo ya malaria ya RTS,S ambavyo ingepunguza maradhi na vifo katika mazingira mbalimbali na kwa njia mbalimbali za kuitoa. Hesabu hizo zilifanywa kwa msaada wa mashine za watu wa kujitolea. Miaka saba baadaye, Septemba 2019, chanjo hiyo ilianza kutolewa katika kaunti kadhaa za magharibi mwa Kenya, uzinduzi ukifanyika Homa Bay, huku Ghana na Malawi zikiwa zimetutangulia miezi michache. Siwezi kukuambia kwamba kompyuta ya mtu fulani huko Ujerumani ndiyo iliyomwokoa mtoto wa Ndhiwa. Njia kutoka hesabu hadi sindano ni ndefu na ina watu wengi. Lakini hesabu ilikuwa sehemu ya njia hiyo, na iligharamiwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kuumwa na mbu wa malaria.

Gharama

Sasa tufike pale ambapo wahubiri wa jambo hili hawapendi kufika. Wao husema kwamba unatoa kitu usichokitumia. Si kweli kabisa. Kompyuta inayofanya hesabu hula stima zaidi kuliko inayopumzika, na stima hununuliwa.

Tuseme seva yako hula wati 100 ikiwa haina kazi, na wati 250 ikifanya hesabu kwa nguvu zake zote. Ongezeko ni wati 150. Kwa saa 24 hizo ni uniti 3.6, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 108. Ikiwa uniti moja inakugharimu shilingi 30 ukijumlisha na kodi, umetoa shilingi 3,240 kwa mwezi. Huo ni mchango wa fedha taslimu, hata kama hukuutia katika bahasha.

Sasa tuseme seva hiyo haikuwa ikitumika kabisa. Kampuni ilihamishia faili zake kwingine, mashine ikafunikwa na vumbi stoo, na wewe ukaona ni vyema uiwashe kwa ajili ya wagonjwa. Hapo unalipia wati zote 250. Ni uniti 180 kwa mwezi, yaani shilingi 5,400. Mchango wa chini kabisa wa bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii ni shilingi 300 kwa mwezi kwa familia. Fedha ulizoteketeza kwa seva hiyo kuukuu zingezilipia familia 18. Isitoshe, mashine za kale hula stima nyingi na kufanya kazi kidogo. Kompyuta mpya yenye kadi nzuri ya michoro, ile ambayo vijana huinunua kwa ajili ya michezo, huweza kufanya hesabu mara nyingi zaidi kwa uniti ile ile.

Ushauri wangu basi ni huu. Ikiwa seva inawaka kwa vyovyote vile kwa ajili ya kazi ya ofisi, na mwenye kulipia stima amekubali, iache ifanye hesabu wakati wa mapumziko. Ikiwa iko stoo imezimwa, iache huko huko, au umpe mtu anayeweza kuitumia, na zile shilingi 5,400 umlipie bima jirani yako. Sioni aibu kusema hivyo ingawa najua wapenzi wa mitambo watanuna. Kwa upande wa mazingira hatuna dhambi kubwa, kwani sehemu kubwa ya stima yetu hutokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Lakini mfuko ni mfuko.

Nilisema mwenye kulipia stima awe amekubali, nami nakusihi usilipuuze neno hilo. Huko Georgia, Marekani, mhudumu wa kompyuta wa chuo kimoja aliweka programu ya namna hii katika mashine za chuo bila idhini. Hakuiba wala hakuharibu kitu. Hata hivyo alishtakiwa kwa makosa ya jinai, na mwaka wa 2002 akaponea kifungo cha jela kwa kukubali kuwa chini ya uangalizi na kulipa dola 2,100. Pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa mkubwa wako. Maneno ya mdomo husahaulika siku bili inapofika.

Ninyi wenye zahanati na maduka ya dawa, nawaomba mnisikilize vizuri zaidi. Seva yenye rekodi za wagonjwa isiwekewe programu yoyote isiyohusu wagonjwa hao. Programu hizi hazina kazi na faili zako, na zile za miradi inayojulikana zimechunguzwa na watu wengi. Lakini kila mlango mpya katika nyumba ni mlango wa kulindwa, na siri ya mgonjwa ukishaivujisha hairudi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu miongoni mwa zile za faragha zaidi. Mgonjwa aliyekuambia ana virusi vya Ukimwi hakukuambia ili mashine yako ijitolee.

Ukiwa umeridhika na hayo yote, chukua programu kutoka kwa mradi wenyewe, si kwa kiungo ulichotumiwa na rafiki. Kuna wahalifu wanaojifanya wanatafuta dawa ya saratani, kumbe wanatumia mashine yako kuchimba fedha za mtandaoni. Miradi ya kweli hukupa pointi za kujifurahisha, haikulipi hata senti. Anayekuahidi pesa mkimbie.

Folding@home hufaa zaidi mashine yenye kadi ya michoro. Seva ya kawaida isiyo na kadi hiyo itafaa zaidi miradi ya BOINC. Kabla ya kuchagua, hakikisha kwamba mradi bado unatoa kazi, kwa sababu miradi huzaliwa na kufa. Hata World Community Grid, iliyoanzishwa na kampuni ya IBM mwaka wa 2004 na ambayo imewahi kushughulikia Ukimwi, kifua kikuu na saratani, ilisimama kwa miezi kadhaa mwaka wa 2022 baada ya kukabidhiwa taasisi moja ya utafiti huko Toronto, Canada.

Usiiruhusu programu itumie nguvu zote za prosesa. Anza na nusu, kisha upime joto la mashine kwa wiki moja. Chumba cha seva Mombasa si sawa na cha Limuru, na mashine inayochemka hufa mapema pamoja na faili za ofisi nzima. Iweke ifanye kazi kuanzia saa mbili za usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na uizuie kabisa stima inapopotea na mashine ikiwa inategemea betri. Kama intaneti yako ni ya kununua kwa kipimo, weka kikomo cha kila siku.

Na siku utakapotaka kuacha, usiifute programu ghafla. Kipande ulichopewa kina tarehe ya mwisho, na mtafiti atakingoja hadi tarehe hiyo ipite ndipo akitume kwa mtu mwingine. Iamuru kwanza isipokee kazi mpya, uiache imalize na kurudisha ilivyo navyo, kisha uiondoe.